Ngozi imefunga, nyonga bado: kumuuguza aliyebadilishiwa nyonga, kutoka mshono mpaka kovu

Wiki ya tatu tangu Mama arudi Kigoma, jirani yetu wa Gungu alifunua kanga kidogo, akautazama mshono uliokwisha kushikana, mweusi, mwembamba kama kamba ya kiatu, akasema: "Dada, umeshapona wewe. Hayo magongo ya nini tena?" Mama akanigeukia kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi. Nikajua kazi ndiyo kwanza inaanza.

Ngozi hufunga mapema kuliko kitu kingine chochote kilichokatwa siku ile. Mtu asiye na kisukari wala maambukizi, wiki mbili zinatosha. Lakini chini yake kuna mafuta, kuna utando mgumu unaoshika misuli, kuna misuli yenyewe, na kuna mfuko unaozunguka kiungo. Hivyo vyote vimekatwa au vimesogezwa, na vinahitaji wiki 6 hadi 12 vishike sawasawa. Ngozi nayo ina uongo wake: kufikia wiki ya tatu, kovu lina kama sehemu moja ya tano tu ya nguvu ya ngozi ya zamani, na hata likikomaa kabisa halivuki asilimia 80.

Mimi ni muuguzi, vidonda nimevifunga miaka mingi. Kumuuguza mama yako mzazi ni kazi nyingine, kwa sababu mgonjwa wa wodini hakwambii "nilikuzaa mimi".

Kwa kifupi, kilichofanyika ni hiki. Kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika hukatwa, shina la chuma huingizwa ndani ya mfupa, juu yake hukaa tufe la chuma au la kauri, na upande wa pili huwekwa kikombe chenye bitana ya plastiki ngumu. Aliyeisimamisha njia hii kwa namna tunayoijua leo ni daktari John Charnley, huko Wrightington, Uingereza, mwaka 1962. Tanzania, taasisi inayojulikana zaidi kwa kazi ya mifupa ni MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam. Wanaofanyiwa si wazee walioanguka tu. Wapo ambao gegedu limelika, na wapo vijana wenye selimundu ambao kichwa cha paja kimekufa kwa kukosa damu.

Kabla hujatoka wodini

Chukua daftari. Uliza daktari amepitia wapi: nyuma ya nyonga, ubavuni au mbele. Miiko ya kukaa na kulala inatokana na jibu hilo, na usipoliuliza utapewa miiko ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Uliza mshono ni wa nyuzi za kutoa, nyuzi zinazoyeyuka au pini za chuma, na zinatolewa tarehe gani. Uliza dawa ya kuzuia damu kuganda inamezwa au kuchomwa mpaka siku ya ngapi. Mara nyingi ni hadi siku 35, na watu wengi huikatisha kidonda kikifunga kwa kudhani ni dawa ya kidonda. Uliza mguu unaruhusiwa kubeba uzito wote au nusu.

Halafu omba nakala ya maelezo ya upasuaji, picha za eksirei, na karatasi yenye vibandiko vya aina na saizi ya nyonga iliyowekwa. Baada ya miaka 15 au 20 chuma hicho kikihitaji kubadilishwa, daktari atakayekuwepo ataitafuta karatasi hiyo kwanza.

Safari ya kurudi ijadili na daktari, usiipange na kondakta. Dar es Salaam mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na kukaa muda mrefu mguu ukining'inia ndiko kunakoleta damu kuganda. Kwenye treni unaweza kulala, ukasimama, ukatembea korido; chukua kitanda cha chini. Kwenye basi kaa kiti cha mbele chenye nafasi ya miguu na simama kila gari linapotulia. Popote ulipo, chezesha kifundo cha mguu juu na chini mara kumi kila saa, kama anayekanyaga cherehani.

Nyumba itengenezwe kabla ya mgonjwa kufika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba zetu zinapogombana na nyonga mpya.

Mwiko mkubwa kwa aliyepasuliwa kupitia nyuma ni kukunja nyonga kupita pembe mraba, yaani goti lisipande juu kuliko nyonga. Wa pili ni kukunja nne au kuvusha mguu upande wa pili. Wa tatu ni kugeuza vidole vya mguu kuelekea ndani, hasa pale unaposimama mguu umeukanyaga halafu unageuza kiwiliwili. Sasa hesabu: kigoda cha jikoni, mkeka, choo cha kuchuchumaa, godoro la chini, sofa linalokumeza mpaka kiunoni. Kila kimoja kinavunja mwiko, na vingine vinavunja miwili kwa mpigo.

Anza na choo. Wodini choo ni cha kukaa, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kuuliza chako kikoje. Mpelekee fundi seremala vipimo: msimamishe mgonjwa, pima kutoka sakafuni hadi mkunjo wa nyuma ya goti, ongeza upana wa vidole vitatu au vinne. Huo ndio urefu wa kiti. Atengeneze kiti cha mbao ngumu chenye tundu katikati na mikono miwili ya kushikilia, miguu yake iwe mipana kwa chini, na kila mguu upigiliwe kipande cha tairi kuukuu kisiteleze. Cha kwetu fundi alikitengeneza kizuri akakipiga msasa na vanishi, akasahau mikono. Kiti kisicho na mikono ni bure. Mgonjwa atashika ukuta, ukuta una maji. Kikarudi kwa fundi.

Usiku weka taa njiani, na kama choo kiko uani weka ndoo chumbani juu ya kiti hichohicho. Hakuna aibu kwenye ndoo. Aibu ni kuanguka saa nane usiku ukiwahi choo cha nje.

Kitanda kiinue kwa matofali mpaka mgonjwa akikaa ukingoni goti liwe chini kidogo ya nyonga. Mto ukae katikati ya miguu usiku kucha. Akiruhusiwa kulala ubavu, alalie upande mzima, mto ubaki palepale. Viti vyote virefu. Sofa liwekewe magodoro magumu au lisahaulike kwa miezi mitatu. Mikeka ya kujikwaa ikunjwe, na kuku wasiingie ndani. Kuku aliyekurupuka chini ya magongo, matokeo yake nimeshayaona.

Anayeswali aswali juu ya kiti, na kwenye sijida asiiname kupita kiasi. Ujiji wazee wengi wanaswali hivyo hivyo na hakuna anayewashangaa. Kanisani asipige magoti. Na kwa kina mama wa Kiha waliolelewa kupiga goti wakisalimia wakubwa, waambie wakwe mapema. Mama yangu aliona bora nyonga ichomoke kuliko kumsalimia shemeji mkubwa akiwa wima. Ilibidi shemeji mwenyewe aseme.

Siku 14 za mwanzo: kikavu na kisichoguswa

Kidonda cha nyonga kwa kawaida kina urefu wa sentimita 10 hadi 25. Cha Mama kilikuwa sentimita 19, na pini 24. Nilizihesabu siku ya kwanza nikaziandika, ili siku ya kutoa nihakikishe hakuna iliyobaki.

Bandeji safi iliyokauka iache. Tabia ya kufungua kila asubuhi "kuangalia" ndiyo inayoingiza uchafu. Ifungue ikiwa imelowa, imechafuka, au umeambiwa siku maalumu. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka mpaka viwiko, vaa glovu safi, futa kwa maji ya chumvi ya hospitali, usikisugue, weka gozi mpya. Spiriti, dettol, unga wa kapsuli za antibayotiki na majivu visikaribie. Spiriti inaunguza chembe changa za ngozi zinazojaribu kufunga.

Kuoga ni kwa kitambaa, isipokuwa bandeji iwe ya kuzuia maji. Akae kwenye kiti kirefu cha plastiki, kata iko mkononi mwako, upande wa kidonda unafutwa kando kando tu.

Usishtuke ukiona weusi wa vilio la damu unashuka kutoka nyonga hadi goti, hata hadi kifundo. Damu iliyovia hufuata mteremko kama maji ya mvua ya Gungu. Hupotea ndani ya wiki mbili tatu. Mguu kuvimba jioni na kupungua asubuhi ni kawaida pia. Uinue ukiwa umelala.

Siku za mwanzo kidonda huweza kutoa majimaji mepesi ya pinki. Yanatakiwa yapungue kila siku. Kidonda kinachoendelea kulowesha gozi baada ya siku ya tano, ya sita, ya saba, hicho hakisubiri. Na hapa kuna kosa ninalolikuta mara nyingi: familia inakwenda duka la dawa, inanunua antibayotiki, inampa mgonjwa siku tano, majimaji yanapungua, wote wanafurahi. Wadudu walioko juu wamekufa, walioshikamana na chuma wamebaki. Daktari akichukua kipimo cha kuotesha vijidudu baadaye, hakioti kitu. Mpeleke akaonwe kwanza, dawa baadaye.

Ngozi yetu ina jambo lake. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, imetuna, inang'aa kama iliyopakwa mafuta. Tumia mgongo wa kiganja: gusa karibu na mshono, kisha gusa mahali hapohapo kwenye paja la pili. Joto likitofautiana, chora mstari wa kalamu kuzunguka eneo hilo na uandike saa. Likivuka mstari, ondoka nyumbani. Piga picha pia kila baada ya siku mbili, mahali palepale, mwanga uleule wa dirishani.

Asali, mawese na wageni

Siku ya tisa shangazi alishuka na treni kutoka Tabora na chupa mbili za asali ya miombo, moja ya kula, moja "ya kidonda". Simlaumu. Asali inatumika hospitalini kwa aina fulani za vidonda, ila hiyo imesafishwa kwa mionzi na kufungwa kwa ajili hiyo. Ya chupa ina vumbi, nta na mbegu za vijidudu ambazo tumbo linazimudu, lakini mshono wenye chuma chini yake haupaswi kujaribiwa. Chupa zote mbili zililiwa, na shangazi aliridhika nilipomwambia zote zimefanya kazi.

Mawese hivyo hivyo. Kigoma mawese yanapakwa kila kitu. Yasubiri mpaka ngozi iwe imefunga kabisa.

Ambacho sikukipa nafasi hata ya kujadiliwa ni kukandwa kwa maji ya moto na majani, na mtaalamu wa kuvuta mifupa aliyependekezwa na nusu ya ukoo. Maji ya moto yanavimbisha na kufungua kidonda. Kuvutwa kunaweza kuchomoa tufe kwenye kikombe. Dawa za miti za kunywa nazo ni hatari mgonjwa akiwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda. Hali kadhalika diklofenaki ya dukani: pamoja na dawa hiyo inaweza kumtoa damu tumboni. Panado ndiyo salama zaidi, isizidi gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24.

Chakula hakihitaji maneno mengi kwa mtu anayekaa kando ya Tanganyika. Dagaa, migebuka, kuhe, maharage, mayai; mwili unajenga kovu kwa protini. Papai, embe, machungwa na mapera kwa vitamini C. Chai isinywewe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, na mgonjwa amepoteza damu. Kama ana kisukari, sukari isiposhuka hakuna gozi litakalosaidia. Sigara iachwe.

Nyuzi zikishatolewa

Kati ya siku ya 10 na ya 14, kwa kawaida. Huhitaji kurudi Dar kwa hilo. Nenda hospitali ya Maweni hapa Kigoma, au ya Kitete kwa walioko Tabora, hata kituo cha afya kilicho karibu, ilimradi uende na karatasi zako. Pini zina kifaa chake cha kutolea, piga simu uulize kama wanacho. Acha siku mbili, kisha maji yanaweza kumwagika juu ya mshono. Kausha kwa kubonyeza, usifute. Kuzama ndani ya maji ni habari nyingine: ziwani wala beseni usiingie kabla ya wiki 6 na kabla gaga la mwisho halijadondoka. Ziwa letu zuri, lakini fukweni kuna kichocho pia.

Ukiona ncha ya uzi imechomoza kama unywele mgumu, ni uzi wa kuyeyuka ambao mwili umeukataa. Usiuvute. Muuguzi ataukata usawa wa ngozi.

Sasa kovu litageuka. Kuanzia wiki ya tatu litanyanyuka, litakuwa gumu na litawasha, hasa usiku. Wengi hudhani limeharibika. Huo ni ujenzi. Mwili unamwaga nyuzinyuzi ovyo kwanza, kisha unazipanga kwa miezi 12 hadi 18. Pembeni mwa kovu kutakuwa na ganzi, kwa sababu vijineva vya ngozi vimekatwa. Ganzi hupungua eneo, wakati mwingine haiishi yote.

Kukanda kovu huanza pale ambapo hakuna gaga, hakuna unyevu, na daktari ameridhia. Mara nyingi wiki mbili tatu baada ya kutoa nyuzi. Paka vaselini au mafuta ya nazi safi, kidogo. Weka vidole viwili juu ya kovu na uvisogeze pamoja na ngozi, visiteleze juu yake. Unataka kulibandua kovu kutoka kwenye nyama ya chini. Nenda juu na chini, kisha kushoto na kulia, kisha mviringo. Nguvu ni ile inayofanya kucha yako ipauke, basi. Dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku. Mama alilalamika mahali pamoja, karibu na ncha ya chini, palipokuwa pameshikamana kama kitasa. Tulipakanda wiki sita. Siku palipoachia alisema tu, "Leo nimevaa soksi bila kukutukana."

Mwenye historia ya makovu yanayovimba kwenye masikio yaliyotobolewa au mahali pa chanjo aseme kabla ya upasuaji. Kovu nene linalobaki ndani ya mipaka ya mshono hulegea lenyewe kwa muda. Keloidi huvuka mipaka na kuendelea kukua. Karatasi au jeli ya silikoni, ukiipata, ivaliwe angalau saa 12 kwa siku kwa miezi miwili mitatu. Isipotosha, daktari wa ngozi ana sindano za steroidi. Krimu za kung'arisha ngozi hazina kazi hapa, zinaichubua na kuikondesha. Mpira wa chupi unaopita juu ya mshono ni adui mdogo asiyetajwa. Vaa ya miguu mirefu, au dera tupu.

Kutembea, na kosa langu

Mlimani kanuni ni moja: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, magongo na mguu uliopasuliwa hutangulia. Suruali huingia mguu mgonjwa kwanza na hutoka mwisho. Garini, kalisha makalio kwanza, kisha zungusha miguu yote miwili kwa pamoja. Kiroba kitupu cha sandarusi juu ya kiti kinasaidia kuteleza. Bodaboda isahau miezi mitatu. Mambo ya chumbani kwa kawaida ni baada ya wiki 6, na daktari hatashangaa ukimuuliza ni mlalo gani.

Wiki ya tano kovu la Mama lilikuwa zuri mno, na mimi nikalegea. Nilirudi kutoka zamu nikamkuta uani, kwenye kigoda, anachambua dagaa. Aliponiona akanyanyuka upesi kwa kujipindua, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Akaguna. Usiku mzima nyonga iliuma, asubuhi tukapiga eksirei. Tufe lilikuwa ndani ya kikombe. Tulikuwa na bahati. Maumivu makali ya ghafla, mguu ukaonekana mfupi au umegeuka, na kushindwa kuukanyaga, maana yake nyonga imechomoka: usimnyanyue, usimnyooshe, tafuta gari la kumlaza.

Mengine yasiyosubiri kesho: usaha, kidonda kufumuka, homa ya nyuzi 38 na kuendelea, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, shavu la mguu kuvimba na kuuma upande mmoja, na kifua kubana au pumzi kukata. Hilo la mwisho ni la dakika, maana mgando wa damu ukifika mapafuni unaua.

Na hata miaka mitatu baadaye, jino lililooza, jipu au mkojo unaochoma vitibiwe haraka. Vijidudu husafiri kwa damu vikatafuta chuma. Kila daktari wa meno aambiwe kuna nyonga bandia.

Mama sasa ana mwaka na miezi minne tangu apasuliwe. Kovu limekuwa laini, rangi yake imekaribiana na ya paja, ganzi imebaki eneo la kiganja cha mtoto. Kigoda niliwapa majirani. Kile kiti cha choo kimeazimwa mara mbili mtaani, na aliyekiazima mwisho amekirudisha kikiwa na matairi mapya chini.